Bi Fauziya Aliposema Msiende

Kwa miaka thelathini na moja shangazi yangu, Bi Fauziya, alikaa nyuma ya kioo katika hospitali moja ya hapa Dubai akiandika majina ya watoto waliozaliwa. Hakuwa daktari wala mkunga, alikuwa karani. Lakini mtoto hakutoka mle na cheti mpaka jina lake lipite mikononi mwake, na kazi hiyo aliifanya kama mtu aliyewekeshwa dhahabu ya watu. Baba akija na jina asilojua kuliandika, shangazi atamsimamisha hapo mpaka waelewane herufi kwa herufi. Kijana wa Kitanzania akija macho mekundu kwa kukosa usingizi, hajui hata mkewe kachagua jina gani, atamrudisha wodini. "Nenda kamuulize mwenye mtoto," atamwambia. "Mie sibahatishi."

Neno hilo likawa jina lake. Waswahili wa Dubai, wawe wa Unguja, wa Mombasa au wa Bara, walimwita Bi Sibahatishi, mbele yake na nyuma yake, na yeye alicheka tu. Ukiwa na jambo huna hakika nalo, kama mwezi umeandama au haujaandama, kama dawa fulani ya presha huliwa kabla ya chakula au baada, ulimpigia yeye. Akijua atakwambia. Asipojua atakwambia hajui, na kesho yake atakupigia na jibu.

Nayasema haya mwanzo kwa sababu nitaeleza jinsi alivyowapoteza wanawake zaidi ya ishirini katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, na sitaki mtu amfikirie vibaya. Wa kufikiriwa vibaya yupo, nitamfikia.

Mimi ni Thuwein. Marehemu baba yangu alikuwa kaka yake mkubwa. Nafanya kazi gatini, Deira, kwenye majahazi ya mizigo yanayokwenda Unguja, Mombasa na Somalia. Kazi yangu ni orodha: katoni ngapi za vigae, mashine ngapi za kufulia, matairi mangapi. Nahodha hang'oi nanga mpaka niweke sahihi, na mimi siweki sahihi kwa mzigo ambao sijauona kwa macho yangu. Watu huniona mtu makini. Acha waone.

Ukoo wetu umetapakaa kama mchele uliomwagika. Wengine wako Unguja, wengine Muscat, sisi tuko Dubai, na ami yangu Jaafar, ndugu yake shangazi wa mwisho, alihamia Uholanzi miaka ya tisini akazaa huko. Kinachotukusanya ni grupu la WhatsApp, watu themanini na nne, linaitwa Damu Moja. Admini ni mimi. Mwaka wa korona grupu lile lilikuwa jalala. Watu walifowadi kila kitu, mpaka mzee wetu mmoja wa Muscat alikunywa dawa aliyoletewa na grupu akalala kitandani siku mbili. Nikakasirika, nikatunga kanuni: hapa hapana kufowadi. Mwenye la kusema aseme kwa mdomo wake mwenyewe.

Kanuni ile niliringa nayo. Upuuzi ulikwisha kwa siku moja. Sikufikiri hata kidogo kwamba uongo nao unaweza kukoga, ukajifukiza udi, ukaingia mlangoni kwa sauti ya shangazi yako.

Shangazi ndiye aliyefaidi kanuni hiyo kuliko wote. Alikwisha staafu, mumewe alikwisha fariki, anakaa ghorofa ya tisa Al Nahda, dirisha linatazama Sharjah. Kila Ijumaa saa tatu asubuhi alikaa kwenye kiti chake, akasafisha koo, akarekodi salamu za Ijumaa. Anaanza na dua, anawataja wagonjwa kwa majina, anawapongeza waliojifungua na waliofaulu, halafu anatoa habari. Dakika nane, tisa. Watoto waliozaliwa Ulaya, Kiswahili chao cha kuokoteza, walimsikiliza mpaka mwisho. Kwa wengi wao ndiyo sauti pekee ya kikwetu waliyobaki nayo.

Sasa nimtaje Rawan, binti wa Ami Jaafar. Ana miaka ishirini na saba, amesomea mambo ya uraia, na mwaka mmoja kabla ya haya alipata kazi kwenye mradi wenye jina refu ambalo sijawahi kulimaliza. Miradi ya namna hiyo iko nchi nyingi za Ulaya siku hizi. Wameona wanasiasa wanaosimama majukwaani wakasema sisi ndio wananchi wa kweli, wale ni wageni, wale ni wezi, na huu Umoja wa Ulaya ndio uliotuletea balaa, tutoke. Watu wanapiga makofi. Basi miradi hiyo inakwenda mitaani kuwafundisha watu Bunge la Ulaya linafanya nini hasa, kura ni nini, na mtu akipiga kelele utajuaje kama ana hoja au ana koo tu.

Rawan alipewa mtaa wa kina mama Waswahili: wa Unguja, wa Lamu, wa Barawa, na Warundi wachache. Wanawake wenye pasi za Uholanzi miaka kumi, kumi na tano, ambao hawajawahi kupiga kura. Kadi ya kura huwafikia nyumbani kwa posta, nao huitia kwenye droo pamoja na vikaratasi vya supamaketi. Kila Jumatano asubuhi aliwakusanya kwenye ukumbi wa mtaa, chai na mandazi, akawatandikia karatasi ya kura ya mfano, maana karatasi ya kura ya huko ni kubwa kama kitambaa cha meza. "Siwafundishi wampigie nani," alituambia kwenye grupu. "Nawafundisha wakisikia neno wajiulize maswali matatu. Nani kasema? Kajuaje? Anataka mimi nifanye nini?"

Walianza sita wakafika ishirini na wanane. Shangazi alimtangaza Rawan Dubai nzima. Harusini, khitmani, kwa muuza samaki: "Mtoto wa Jaafar anawafundisha watu wazima." Nasi sote tulijua mambo yalivyokaa, kwa sababu Rawan alitueleza wazi. Jumatano ya tarehe tano Juni watu wa manispaa wangekuja darasani kuhesabu vichwa. Wakikuta ishirini au zaidi, ukumbi ni wake mwaka mzima na kazi yake inaendelea. Wakikuta chini ya hapo, khalas. Kesho yake, Alhamisi, ndiyo kura ya Bunge la Ulaya, na wanawake wote walipanga kwenda pamoja kwa miguu.

Ijumaa kabla ya hapo, tarehe thelathini na moja Mei, nilikuwa gatini nahesabu katoni za vigae, simu nimeiweka sikioni nasikiliza salamu. Dua, wagonjwa, pongezi. Kisha shangazi akasema ana jambo zito kwa watu wa Uholanzi. Amelipata kwa mtu anayemwamini, kwenye khitma. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya siri. Mgeni anayehudhuria darasa la uraia na kuweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, jina lake na la wanawe yanapelekwa makao makuu, na huko ndiko wanakoamua nani arudishwe alikotoka. Tayari kuna mama mmoja, watoto watano, wa mwisho ana pumu, kachukuliwa asubuhi na mapema hajavaa hata viatu. "Rawan mwanangu hana kosa," akasema. "Mtoto hajui kama anatumiwa. Lakini nyie kina mama, msiende. Jumatano msiende, na Alhamisi msiende. Mie mnanijua."

Katoni nilizipoteza hesabu. Mama wa watoto watano, wa mwisho ana pumu, hana viatu: huyo mama nilikuwa namjua. Wiki tatu kabla yake Boaz, Mkenya anayeendesha foklifti pale gatini, alinisikilizisha rekodi ya mwanamume mwenye sauti nzito, maneno ni hayo hayo, pumu ni hiyo hiyo, ila nchi ilikuwa Canada. "Buda, skia hii mchezo," alisema Boaz. "Sista yangu huko aliuliza ofisi yao, wakamwambia hakuna kitu kama hiyo. Ni uongo tupu." Tulicheka, tukarudi kazini.

Kwa hiyo sikushuku. Nilijua. Saa tatu na dakika kumi na tano asubuhi ya Ijumaa nilijua, na ningeweza kuandika maneno manne tu: Shangazi, hii si kweli.

Sikuandika. Kwetu mkubwa hasahihishwi mbele ya watu. Unamsubiri, unakaa naye faragha, unazunguka, unasema nimesikia mtu mmoja anasema hivi na vile, mpaka yeye mwenyewe aseme labda nilikosea. Ni adabu nzuri, nimelelewa nayo na nimewalea wanangu nayo. Nikajiambia nitamwona mchana, baada ya sala.

Mchana nikaenda Al Nahda. Nyumba ilikuwa imejaa. Wajukuu, jirani wawili, na wanawake wa ile khitma. Pilau limepakuliwa. Shangazi akanichagulia mnofu, akaniuliza mbele ya wote, "Thuwein, salamu zangu umezisikia?"

"Nimezisikia, Shangazi."

"Basi? Wasemaje?"

Wote wakanitazama. Yule bibi aliyeileta habari alikuwa amekaa pembeni yangu anatoa samaki miiba. Nikasema, "Mungu awalinde," nikatia tonge mdomoni.

Hilo ndilo neno langu, na nimelitafuna tangu siku hiyo. Shangazi alifarijika, nilimwona. Mpwa wake mtu wa orodha kasikia na hakupinga, basi ni kweli. Nilipoondoka wageni walikuwa bado wapo, kwa hiyo sikusema. Jumamosi nilisema nitapiga simu, nikaona jambo kama hili si la simu. Jumapili nilikuwa na harusi. Jumatatu jahazi la Berbera lilichelewa kupakia. Jumanne sina hata kisingizio cha kuwaeleza. Nilikaa nyumbani natazama mpira.

Jumatano saa saba mchana Rawan akanipigia. Kule ilikuwa saa tano asubuhi.

"Kaka Thuwein," akasema, "wamekuja watano."

Nikamuuliza watu wa manispaa wamesemaje. Akasema hawakusema kitu, wamehesabu, wamekunywa chai, wamemshukuru. Mandazi ya watu thelathini yamebaki mezani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia na kunawa uso. Akaniambia binamu yetu Hilwa, anayekaa mtaa ule ule, ndiye aliyezitoa salamu za shangazi kwenye grupu letu akazipeleka kwenye grupu la kina mama. Aliandika chini yake: huyu ni shangazi yetu wa Dubai, si mtu wa kubahatisha. Wawili katika wanawake wale walijifungulia Dubai, na vyeti vya watoto wao aliandika yeye. Waliobaki hawakuhitaji ushahidi mwingine.

"Niliwafundisha waulize nani kasema," Rawan akasema. "Wameuliza. Jibu lilikuwa Shangazi."

Nikaiweka chini orodha niliyoshika.

"Siwezi kumwambia mimi, Kaka. Mimi mtoto. Nitamvunjia heshima. Mwambie wewe, wewe anakusikia." Halafu akaongeza, na hili ndilo lililonichoma: "Samahani kukuingiza kwenye haya."

Nilimuomba msimamizi ruhusa, nikafika Al Nahda kabla ya laasiri. Shangazi alikuwa peke yake anachambua mchicha. Safari hii sikuzunguka. Nikamwambia habari ile ni ya uongo, ilizunguka Canada kabla ya Uholanzi, na darasani leo wamefika watano.

Aliacha kuchambua.

"Watano," akasema.

"Watano, Shangazi."

"Na ukumbi?"

"Umekwenda, nafikiri."

Akaniuliza jinsi nilivyojua ni uongo. Nikamweleza habari ya Boaz, na dada yake Boaz, na mama mwenye mtoto wa pumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali alilowauliza maelfu ya watu kwenye kile kioo, kwa sauti ile ile ya kikarani.

"Lini?"

"Lini nini, Shangazi?"

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Kwake yeye sikuweza. Nikasema, "Ijumaa. Ulipokuwa unasema."

"Ijumaa asubuhi."

"Ndiyo."

"Ukaja hapa mchana. Nikakuuliza."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona ukaniacha, Thuwein?" Hakupandisha sauti. "Mie nimekosea kwa kuwa sijui. Hilo nitamjibu Mungu. Wewe ulijua ukanitazama naanguka, ati kwa heshima?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nina miaka hamsini na mbili. Nilitaka kusema nilikuwa namhifadhi mbele ya wageni, lakini hata mimi nilijua kwamba nilikuwa najihifadhi mwenyewe. Nilijifanya naogopa kumvunjia heshima, kumbe naogopa macho ya watu kumi na sahani ya pilau.

Akaosha mikono, akachukua simu. Nikamwambia tupange maneno. Akasema maneno ya kweli hayapangwi. Akarekodi mara moja tu, wala hakuanza na dua. "Asalaam alaykum. Mie Fauziya. Niliyowaambia Ijumaa kuhusu darasa la Rawan na kuhusu kura ni uongo. Sikuwa na hakika nayo na nikasema kama ninayo. Nendeni kesho mkapige kura. Mnisamehe, na zaidi anisamehe Rawan." Akatuma. Mikono yake bado ilikuwa na maji.

Grupu likajaa alama za mioyo na dua. Tukapumua. Baada ya nusu saa Hilwa akapiga, na shangazi akaiweka simu kwenye spika tusikie sote. Hilwa alisema ameupeleka ujumbe kwa kina mama na kina mama wameusikiliza. Wanasema Bi Fauziya amelazimishwa. Lini Bi Fauziya akazungumza bila dua? Lini akazungumza chini ya dakika nane? Wamemfuata mpaka Dubai, maskini, wamemshika. "Wanasema sasa ndiyo wameamini kabisa, Shangazi," Hilwa akasema. "Wanakuombea."

Shangazi alicheka, kicheko kibaya, kisha akajifuta macho kwa kanga. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. Akanisukumia simu yangu. "Sema wewe. Sauti yangu mie imekwisha. Ita huyo Boaz wako akupe hiyo ya Canada, waisikie wenyewe. Na uwaambie ulivyojua."

Boaz aliituma rekodi ndani ya dakika mbili, na maneno mawili: "Si nilikushow?" Nilitoka nikasimama kwenye korido ya jengo, karibu na lifti. Nikaivunja kanuni yangu mwenyewe, nikaifowadi rekodi ile kwenye Damu Moja. Chini yake nikarekodi sauti yangu. Nilieleza vizuri sana, lazima niseme. Nililinganisha neno kwa neno: pumu hii, pumu ile, viatu hivi, viatu vile. Nikasema dada wa mwenzangu ameuliza ofisi husika akajibiwa ni uongo. Na nilipofika mahali pa kusema nilijua lini, mdomo wangu ukasema, "Leo mchana mwenzangu kazini kanisikilizisha rekodi hii, nami nikaona nisikae nayo hata saa moja."

Nisikae nayo hata saa moja. Sikuwa nimepanga. Ilitoka laini kama ilikuwa inanisubiri, nami nikaituma kabla sijageuka nyuma.

Waliniamini. Hilwa akaipeleka kwa kina mama, na Rawan akaandika: "Kaka, umeniokoa." Nilirudi ndani. Shangazi alikuwa ameshaisikiliza, simu iko pajani. Nikasema, "Shangazi, ile leo mchana, sijui ilivyonitoka, nitarekebisha."

"Ukirekebisha sasa watasema na wewe umelazimishwa," akasema. "Kura kesho. Waache waende." Akarudi kwenye mchicha wake. "Ukubwa jaa, mwanangu. Tupeni tu."

Alhamisi walikwenda kupiga kura kumi na mmoja. Rawan alituma picha ya miguu yao kwenye lami, maana baadhi hawakutaka nyuso zionekane. Kumi na saba hawakwenda. Wengine waliuona ujumbe wangu wakiwa wamekwisha toka kazini wamechoka, wengine walisema mambo yameshachanganyika, afadhali kukaa. Laiti ningesema Ijumaa, ningekuwa na siku tano. Wiki mbili baadaye barua ya manispaa ikaja. Ukumbi amepewa mtu wa mazoezi ya viungo. Rawan sasa anafanya kazi kwenye duka la dawa, na Jumatano jioni anawafundisha wanawake wanne jikoni kwa mama yake. Bado hunitumia salamu za Idi kabla ya wengine wote. Hajui.

Lakini nimeiruka Ijumaa, na Ijumaa ndiyo niliyokuwa naikimbia tangu mwanzo wa maandishi haya.

Siku moja baada ya kura, saa tatu asubuhi ilipita bila salamu. Saa nne ikapita. Nikaenda Al Nahda kumtazama, nikamkuta kakaa kwenye kiti chake, simu mkononi, hajarekodi kitu. Grupu lilikuwa limeanza kuuliza. Shangazi yu wapi? Anaumwa? Kisha wakaanza wengine, kwa upole, kwa adabu, kila mtu na mioyo yake. Mmoja wa Muscat akasema wazee wetu tuwasaidie na hizi simu. Mwingine akasema umri nao una mambo yake. Hilwa, ambaye aliwapelekea wale wanawake habari ile bila kuuliza, akarekodi: "Shangazi, tunakupenda mno, na tumekusamehe. Ila siku nyingine kabla hujatupa habari, muulize kwanza Kaka Thuwein. Yeye ndiye mtu wa kuhakikisha."

Tuliisikiliza pamoja, mimi na yeye. Aliniinulia macho. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Alinipa muda. Nahesabu vitu kwa kazi, kwa hiyo naweza kusema ulikuwa muda wa kutosha kabisa kwa mtu kutoa simu mfukoni na kusema maneno manne: nilijua tangu Ijumaa iliyopita. Nilitazama zulia.

Akaibana ile alama ya kurekodi kwa kidole gumba, akaisogeza simu mdomoni.

"Kweli, mwanangu Hilwa," akasema. "Nitamuuliza Thuwein."

Mioyo ikaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, kutoka Unguja, kutoka Muscat, kutoka Uholanzi. Mimi ni admini, na nisingeweka ningeonekana nina kinyongo. Nikaweka moyo.